Mpira wa Kukimbilia

Jumanne, 3 Shaabani 1323

Nimefagia uwanja wa Bibi wa Kidachi, nimeunyunyizia maji, nimeshindilia penye nyufa. Udongo wa kichuguu ukikauka hupasuka kama kisigino. Mwaka jana ni sisi wanawake tuliouponda, kwa vipande vya mti, tunaimba, hatujui ni wa nini. Tulidhani wa kuanikia nazi. Kumbe wa Wadachi kupigiana mpira juu ya wavu.

Wanaume wao wamekwenda bara vitani, na mume wa Bibi yumo. Hana wa kucheza naye. Anacheza na mimi. Ilianza siku mpira ulipotoka nje nikaurudisha kwa fagio. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akanipa chombo chake cha pili, mpini mrefu na uso wa nyuzi. Kina jina la Kidachi lisilonikaa mdomoni. Nakiita upawa.

Mapatano hayakusemwa na mtu. Nikiirudisha mipira vizuri, Bibi akafurahi, humwinulia mkono askari wa lango la boma, pale ng'ambo ya ua, nami napita na chakula cha Mfaume. Asipofurahi huingia ndani kimya. Basi. Mume wangu analala na njaa.

Mfaume ana mnyororo shingoni tangu Rajabu. Alikwenda Kinjumbi kununua mpira wa porini kwa watu wa bara, ndiyo biashara yake siku zote. Vita vikamkuta huko. Akanywa yale maji ya dawa ya vita kama walivyokunywa wengine. Aliniambia mwenyewe. Wamemshika na kibuyu shingoni. Hakumpiga mtu. Hilo nalo aliniambia, namwamini.

Humo ndani wanapewa pumba. Wasio na mtu wa kuwaletea wanatolewa wamefunikwa mkeka.

Leo Bibi amepiga yote upande wangu wa kuume, mbali. Sikuupata hata mmoja. Mkono haukuinuka. Ugali nimerudi nao, umepoa.

Alhamisi, 5 Shaabani

Kosa langu nimelijua. Bibi akipiga tu, mimi naupeleka upawa nyuma hapo hapo, kisha nakimbia nao hivyo hivyo, mkono umening'inia nyuma kama mlango ulioachwa wazi. Mbio gani hizo. Bibi amenionyesha. Upawa ukae kifuani, mkono wa pili uushike. Kimbia kwanza kama mtu. Ukikaribia ndipo mkono uende nyuma. Kiswahili chake cha jikoni: "Mguu kwanza. Mkono ngoja."

Nimepata miwili mitatu. Ameridhika nusu. Kainua mkono.

Mfaume amekula amesimama, kwa haraka, anatazama lango.

Nyumbani mwanangu Zuhura ameniona akanyoosha mikono. Mama mkwe, Bi. Somoe, akamgeuza uso ukutani. Mwanamke aliyekimbia juani maziwa yake yamepata moto, yatamharibu mtoto tumbo. Sharti nikamue ya kwanza niyamwage, nikae mpaka kifua kipoe. Ndivyo tulivyofunzwa sote, mama yangu angesema vile vile. Nimekamua kwenye majivu. Mtoto analia ananiona. Hilo ndilo baya.

Nimechoka mpaka vidole.

Jumamosi, 7 Shaabani

Leo hatua. Nilikuwa natupa miguu mirefu mpaka mwisho, nafika mpira ulipo, najikuta nimeupita au umenigonga tumbo. Ni kama kumkamata kuku. Unamwendea mbio, ukimkaribia unakanyaga vidogo vidogo, tayari kwa kokote atakakokwenda. Nimefanya hivyo. Umekuja wenyewe mbele ya nyonga, nikaupiga. Umevuka wavu na kuangukia ndani ya mstari.

Bibi kapiga kofi pajani. Mkono umeinuka mapema.

Wali na dagaa. Mfaume ameuliza Zuhura anatambaa? Nimesema anatambaa. Hatambai. Anakaa tu alipowekwa.

Jumatatu, 9 Shaabani

Kisimani. Wanawake wamenyamaza nilipofika, kisha Mwanahawa jirani yangu hakuweza kujizuia. Habari za winda langu zimefika. Kaniki haikimbiliki ikiwa imefungwa kama kawaida, basi huwa naipitisha katikati ya miguu na kuichomeka nyuma, kama wafanyavyo wavuvi.

"Mama Zuhura, leo unakwenda kuvua nini? Papa?"

"Naenda kumvua mume wangu," nimemwambia.

Hakuna aliyecheka tena. Mwanahawa mwenyewe kanisaidia kujitwika mtungi, ameona haya. Sina hasira naye. Mumewe amekimbilia Kiswere kwa ndugu zake, hajui kama yu hai.

Ila nyuma yangu nimesikia mwingine akisema mtoto yule anabemendwa. Kwamba nina mambo na askari ndiyo maana napita langoni na mtoto anakonda. Nimetembea. Maji hayakumwagika.

Jumatano, 11 Shaabani

Mtungi umenifundisha jambo. Jana na juzi nilikuwa napiga mipira hewani, mingine inagonga mpini. Bibi hakujua kuniambia ni kwa nini. Leo nimejisikia mwenyewe: nakimbia kichwa kinacheza. Macho yanaruka, mpira nao unaruka, vitakutana wapi? Nikajifanya nina mtungi kichwani. Miguu ifanye mbio zake, shingo itulie. Nimeuona mpira mpaka nyuzi zilipougusa. Nimeona hata mshono wake.

Na jingine, kubwa zaidi. Baba alituhamisha kwenda Nyangamara nikiwa mdogo, akafundisha chuo cha Kurani huko, ndiko alikonipa herufi hizi. Sisi watoto tulilinda mtama. Nyani wakija tunawafuata kwa kombeo tukikimbia. Ukisimama kwanza ndipo urushe, nyani kashaondoka na suke lake. Unarusha mwili ungali unakwenda. Mguu wa kuume unakita, kiuno kinageuka, mkono unafuata mwisho kabisa kama kamba, jiwe linatoka mbele yako, si pembeni. Kisha miguu inaendelea hatua mbili tatu ndipo isimame.

Mpira huu ni huo huo. Nilikuwa najaribu kusimama. Leo nimekita mguu wa nje, nimegeuka, mkono nimeuachia kutoka chini kwenda juu mpaka upawa ukafika begani kwa kushoto, na miguu nikaiacha iende. Mpira umepita juu, umekatiza uwanja, umeanguka kule pembeni alikotoka Bibi. Akabaki amesimama.

Nimefurahi. Naandika ukweli. Kwa kitambo kile nilisahau boma, mnyororo na mtoto. Nimeona aibu baadaye, nikikamua maziwa kwenye majivu.

Ijumaa, 13 Shaabani

Hakuna mchezo, Bibi ana homa. Hakuna mkono. Nimekwenda langoni hivyo hivyo na sahani yangu. Askari kanitazama kama hanijui.

Jumapili, 15 Shaabani

Ngozi ya mapaja ya Zuhura imelegea. Ukiivuta hairudi upesi. Anapewa uji anautema. Bi. Somoe anampa titi lake yeye, lililokauka miaka mingi, anyamaze tu. Nimewakuta hivyo. Wote wawili wamefumba macho.

Jumanne, 17 Shaabani

Sikwenda. Nimekaa na mwanangu kutwa. Amenyonya asubuhi, mchana, alasiri, na tena. Amelala na mdomo wazi umejaa.

Saa ya mchezo ilipofika nimesikia mpira unagonga ukuta wa Bibi, anacheza peke yake. Nikaanza kuhesabu sahani zisizoliwa. Nikaziba masikio.

Jumatano, 18 Shaabani

Nimekwenda. Bibi hakuuliza. Ila amenikimbiza kama anayeadhibu. Kila nikishapiga nilikuwa nasimama kutazama mpira wangu unavyokwenda, kama mpishi anayengoja kusifiwa, naye anapiga upande wa pili palipo wazi. Sharti ukipiga urudi katikati, usitazame. Na ukiwa mbali upige juu, ukatize, mpira uchukue muda wake hewani ili nawe upate wako wa kurudi. Nimejifunza leo kwa kuanguka. Magoti yana damu.

Mkono umeinuka.

Mfaume ameona magoti. Ameniuliza nani kanipiga. Sikuwa nimemwambia juu ya mchezo, nilisema napitishwa kwa hisani ya Bibi. Leo nimesema yote, na la maziwa likanitoka. Amekishika kile kipande cha ugali mkononi, akakirudisha kwenye sahani taratibu, akaifunika kwa kawa.

"Nirudishie nyumbani."

"Kula, baba Zuhura."

"Unanilisha mwanangu?"

Nimesimama pale mpaka askari aliponigusa kwa mtutu. Hakula.

Alhamisi, 19 Shaabani

Nimecheza. Mfaume kapokea sahani, kampa aliyefungwa naye, mzee mmoja wa Kimatumbi. Kanitazama wakati mzee anakula. Nimemchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 21 Shaabani

Nimemuuliza Bi. Somoe. Nilikuwa sijamuuliza kwa kuogopa jibu. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Mama, nifanye nini?"

Hakuinua uso. Ameendelea kutoa chuya.

"Mfaume nilimzaa mimi. Huyu umemzaa wewe. Usiniulize mimi, mwanangu."

Kisha mchele ukaanza kulowa mahali pamoja, tone kwa tone. Nimemwondolea ungo. Nimemaliza kuuchagua mwenyewe.

Jumapili, 22 Shaabani

Nimekata shauri. Kwenda nitakwenda, na Zuhura nitakwenda naye. Bi. Somoe amembeba, wakakaa kivulini pembeni ya uwanja. Bibi amemtazama mtoto kitambo, akasema neno la kwao.

Nimecheza vizuri. Kifuani upawa, kuku, mtungi, kombeo, rudi. Sifikiri tena, mwili unajua. Bibi naye anahema sasa.

Baada ya mchezo nikajitenga nyuma ya ua kukamua. Bibi kanifuata. Ameona maziwa yanaingia mchangani.

"Kwa nini mwaga? Mtoto kule njaa."

Nimemweleza: moto. Ameuweka mkono wake shavuni kwake, kisha kwangu, kupima moto, kisha kacheka, si kwa ubaya. Anasema wao kwao wananyonyesha tu. Nimemwambia watoto wao ni wengine. Kaondoka anatikisa kichwa.

Bibi hajui kitu juu ya mambo yetu. Lakini neno lile njaa limenikaa.

Jumatatu, 23 Shaabani

Leo nimempa. Nimetoka uwanjani jasho linanichuruzika, nimekaa chini pale pale, nimempa titi la moto. Kwanza nimesema Bismillahi. Bi. Somoe akaondoa macho. Hakunizuia. Ningemsikia kama angenizuia.

Zuhura amenyonya kama anayegombana. La kuume, la kushoto. Ameshiba, amecheua begani kwangu.

Tumengoja tumbo lake lichafuke. Tumengoja mpaka magharibi, tumekaa tunamtazama kama chungu jikoni. Halikuchafuka. Amelala.

Yale yote niliyoyamwaga kwenye majivu sijui sasa niyaiteje.

Jumatano, 25 Shaabani

Jana na leo nimempa ya moto. Tumbo zuri. Anashika vitu.

Mfaume nimemwambia mtoto ananyonya, kweli, kwa jina la Mungu. Kaniapisha mara mbili. Kisha amekula. Amekula kidogo tu, kumbe mwenyewe tumbo linamsumbua, wengi humo ndani linawasumbua, wanahara damu. Uso umeingia ndani. Mnyororo umemchubua shingo, nimepaka mafuta ya nazi pale vidole vilipofika.

Nimeudhika na Mungu. Kisha nimeomba msamaha.

Alhamisi, 26 Shaabani

Nimecheza, mkono umeinuka, ila askari kasema Mfaume hawezi kuja langoni, kalala. Nimwachie sahani atamfikishia. Nimemwachia. Nimepika uji mwepesi wa mchele na tangawizi, si chakula cha kuibiwa. Labda kimefika.

Jumamosi, 28 Shaabani

Bibi amechelewa kutoka. Amevaa kofia ameishusha usoni.

Amenipigia mpira wa kwanza pale pale nilipo. Nikaurudisha bila kusogea. Wa pili vile vile. Wa tatu. Nilikuwa nimeshauweka mguu tayari kwenda kuume, nimekodoa macho bega lake, maana bega ndilo linalosema mpira unakwenda wapi. Bega halikugeuka. Kila mpira ulinijia mkononi, mwepesi, wa juu, kama anavyotupiwa mtoto anayejifunza. Hakunikimbiza hata mara moja.

Nikadhani homa imemrudia. Nikadhani ameudhika. Kisha nikaona anapiga huku anauma midomo, na mimi narudisha, narudisha, miguu imesimama mahali pamoja, na nikajua. Sikuambiwa na mtu. Nikauacha mpira mmoja unipite. Haukuwa mgumu. Niliuacha tu.

Nikamtazama mkono. Haukuinuka. Ulikuwa umeshika wavu.

"Asubuhi," kasema.

Nilimwekea upawa chini, juu ya mstari. Nilikwenda kivulini kumchukua mtoto mikononi mwa Bi. Somoe. Hakuhitaji kuuliza. Alikwisha kuona mchezo.

Jumapili, 29 Shaabani

Wamewazika wenyewe, wafungwa wamewachimbia wenzao, nyuma ya boma mchangani, wanne shimo moja, Mfaume mmoja wao. Sijui kama waliwaosha. Mzee wa Kimatumbi kampenyezea Mwanahawa neno penye ua wa boma, kwamba yeye alimsomea Mfaume shahada sikioni, na mwenyewe aliifuatisha kwa midomo. Mwanahawa kaja mbio na neno hilo kama kabeba kitu kinachoweza kuvunjika.

Tumesoma hitima. Nyumba imejaa wanawake. Wale wa kisimani wamekuja wote, wamepika, wamefua nguo za Zuhura. Aliyesema maneno yale juu yangu ndiye aliyenisuka nywele zilale kwa ajili ya eda. Mkono wake ulikuwa mwepesi.



Jumanne, 2 Ramadhani

Nimo ndani. Nguo nyeupe. Mwezi umeandama, watu wanafunga. Bi. Somoe anafunga, mimi nimeambiwa nisifunge kwa ajili ya mtoto, nitalipa baadaye. Nala mchana nimejificha nyuma ya pazia, kwa aibu.

Mpishi wa Bibi amekuja mlangoni. Bibi anauliza lini nitarudi. Bi. Somoe kamjibu yeye mwenyewe, kwa adabu zote, kwamba mwanamke wa eda hatoki, na eda ni ndefu. Mpishi kasema Bibi yuko peke yake sana. Bi. Somoe kamwambia amsalimie.

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia, na hili nalisema hapa tu, nilitaka kutoka nikaukimbilie mpira mmoja wa mbali kwa nguvu zangu zote, kisha nirudi ndani. Miguu inawasha usiku na mchana. Haijui kwamba hakuna tena wa kumkimbilia.

Jumapili, 7 Ramadhani

Maziwa ni mengi. Zuhura anameta mashavu. Watu wanasema maashallah, wanatemea mate pembeni.

Ijumaa, 12 Ramadhani

Baada ya futari Bi. Somoe amekaa karibu yangu kwenye jamvi. Siku zote hizi hakuuliza. Leo ameuliza mwanawe alisema nini siku ile ya mwisho tulipoonana langoni.

Nimefikiri kumtungia kitu. Sikuweza.

"Alisema mchuzi chumvi imezidi."

Pua yake ikatoa pumzi, karibu kicheko.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," kasema. "Nilikuwa namlisha kwa fimbo."

Kalala ubavu, kajifunika. Zuhura ananyonya, ananishika sikio, anaachia, anashika tena. Nje wanaume wanarudi kutoka tarawehe, wanaongea juu ya bei ya chumvi na mtu fulani aliyeteguka mguu. Nimesikiliza mpaka wamepita.